Siku Pofu na Nyegere Walipoulizwa Kisimani

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kisima.

Kina maji?

Kilikuwa nayo.

Yamekwenda wapi?

Tuambie wewe.

Basi sogeeni karibu na moto, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sirudii.

Hapo kale, kabla babu wa babu yangu hajapewa jina, palikuwa na mto wa mchanga ulioitwa Msanze. Wapo wanaosema Msanzi, hao hawakufika. Mto huo ulipitisha maji wakati wa masika tu. Kiangazi kilipoingia ulibaki mchanga mtupu, na maji yakajificha chini. Katikati ya mchanga huo palikuwa na kisima kimoja, shimo pana lenye njia ya mteremko, alilolichimba Mhanga, mnyama wa masikio marefu na kucha za jembe.

Mhanga ndiye aliyekuwa mshika-kisima. Kazi ya mshika-kisima ilikuwa kuzoa mchanga ulioporomoka, kupanga zamu ya kunywa, na yeye mwenyewe kunywa mwisho. Wadogo kwanza, wakubwa baadaye, mshika-kisima mwisho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hapakuwa na aliyekufa kwa kiu.

Mhanga akazeeka, akafa, na kiangazi kilikuwa bado kikali.

Sasa sikilizeni desturi yao. Aliyetaka kushika kisima alishuka chini mchana kweupe, akasimama penye maji. Wenzake wakazunguka ukingo, wakamwuliza kila walichotaka kuuliza. Maji yalimpanda miguuni polepole, jua likamchoma utosini, na yeye hakutia mdomo majini mpaka wa mwisho awe ameuliza. Maana wazee walisema: asiyeweza kuizuia kiu yake mbele ya macho ya wenzake, hataizuia akiwa peke yake.

Mwaka ule walijitokeza wawili. Wa kwanza alikuwa Pofu, mnyama mkubwa wa pembe za kusokotwa, ambaye wengine humwita Mbunju. Wa pili alikuwa Nyegere, mfupi, mpana, mwenye meno yasiyochagua. Na hapo ndipo wanyama walipogawanyika. Swala, Ngiri, Punda Milia na wote wenye kwato wakasema Pofu ni wao. Nguchiro, Mbweha, Nungunungu na wote wenye kucha wakasema Nyegere ni wao. Aliyechanganya njia na wa upande wa pili akaitwa msaliti, ijapokuwa walikuwa wakinywa maji yale yale tangu utoto.

Walishindwa kukubaliana nani atangulie kushuka. Basi wakashuka wote wawili kwa pamoja.

Wenye kwato waliwahi kufika. Wakasimama ukingoni pande zote, migongo kisimani, nyuso nje, wapate kumlinda Pofu asirushiwe jiwe. Wenye kucha walipofika wakawazunguka kwa nje, wakawakabili uso kwa uso. Tazameni jambo hili. Waliokuwa karibu na kisima walikuwa wamekipa mgongo, na waliokielekea kisima walikuwa wakitazama vifua vya mahasimu wao. Desturi ilikuwapo, waulizaji walikuwapo, waulizwa walikuwapo. Macho ndiyo hayakuwapo.

Siku hiyo alikuja pia Kanga, mjane, pamoja na vifaranga wake watatu. Tangu Mhanga azikwe hapakuwa na zamu, na wadogo walikuwa wamekanyagwa na kusukumwa nje. Vifaranga wale walikuwa wamelegea, midomo wazi, na kifungamimba, yule wa mwisho kuzaliwa, hakulia tena. Kanga akawalaza kivulini chini ya kichaka cha msuaki, akaenda kuuliza. Yeye ana kucha, basi akasimama upande wa kucha.

Akainua shingo akauliza, "Mzee Pofu, ukishika kisima, wadogo watakunywa wa ngapi?"

Kabla Pofu hajajibu, wenye kwato wote wakaimba, "Pofu ni wetu, wetu ni Pofu."

Kanga akangoja wanyamaze. Akauliza tena, "Bwana Nyegere, ukishika kisima, wadogo watakunywa wa ngapi?"

Kabla Nyegere hajajibu, wenye kucha wote wakaimba, "Nyegere ni wetu, wetu ni Nyegere."

Kanga akawaambia kwamba hakuwauliza wao. Ameuliza walioko chini, na sauti ya walioko chini hajaisikia. Wakacheka. Nguchiro, jirani yake wa siku zote, akamwambia kwamba kiongozi akipendwa hana haja ya kujisumbua kujibu.

Basi Kanga akainama, akapenya katikati ya miguu ya wenye kwato, akafika ukingoni, akachungulia.

Akawaona. Pofu amepiga magoti upande huu, Nyegere ameinama upande ule, wanakunywa pamoja, taratibu, kama mashemeji wa sinia moja. Tumbo la Pofu lilikuwa limejaa kama ngoma. Nyegere alinyanyua kichwa mara moja tu, akamsogelea Pofu, akamwonyesha penye kina, wakaendelea.

Kanga akarudi mbio kwa wenziwe wenye kucha, akamwambia Nguchiro alichokiona.

"Shoga yangu," akasema Nguchiro, "Pofu anakunywa, hilo nakuamini. Nyegere hanywi. Na kama anakunywa, ni kumzuia Pofu asimalize."

"Nimewaona wote wawili."

"Basi hukuona. Leo si siku ya kuona. Leo ni siku ya kushinda."

Kanga akaenda kwa wenye kwato, akamwambia Ngiri ageuze kichwa, kichwa tu, aangalie nyuma yake. Ngiri akamjibu kwamba akigeuka, wenye kucha watamrukia. Kwamba maneno hayo ni ya kutumwa. Na kwamba akija tena na kucha zake, atamkanyaga. Wengine wakauliza ni nini. Ngiri akasema ni kuku wa Nyegere.

Akaenda kuwatazama wanawe. Wawili waliinua vichwa. Wa tatu alifungua jicho moja, akalifumba.

Kanga hakwenda tena kwa wenye kwato wala kwa wenye kucha. Alipita chini ya matumbo, akapita katikati ya kwato, akateremka mwenyewe kisimani.

Huko chini palikuwa na ubaridi na kimya. Kelele za juu zilisikika kama za kijiji cha mbali. Maji yaliyobaki yangejaa chungu kimoja, si zaidi. Pofu alimwona kwanza, akataka kusimama, asiweze kwa uzito. Nyegere akafuta mdomo kwa mkono.

"Karibu, Bibi Kanga," akasema Nyegere. "Umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kuuliza. Wadogo watakunywa wa ngapi?"

"Wako watakunywa wa kwanza. Wewe ni wa kucha na mimi ni wa kucha. Wa kwato watasubiri."

Pofu hakukasirika. Alitikisa kichwa kama aliyekwisha kuyasikia hayo, na akaongeza kwamba yeye vilevile, akishinda, hatamsahau Kanga, maana mama mwenye vifaranga hana upande.

"Na wale wanaoimba huko juu?" Kanga akauliza.

"Wale hawana kiu," akasema Nyegere. "Mwenye kiu haimbi."

Kisha akasogea kando, akampisha penye maji. Akamwambia anywe, akusanye mdomoni, akawape wanawe, apande juu kimya. Yaliyobaki wao wenyewe watajua namna ya kuyagawa.

Msimcheke Kanga kwa kusimama pale. Maji yalikuwa mbele ya miguu yake. Wanawe walikuwa wakifa umbali wa kurusha jiwe. Angekunywa na kunyamaza, nani angejua, na nani mwenye mtoto angemlaumu? Aliyatazama maji yale. Akatazama juu, akaona migongo, mgongo kwa mgongo kwa mgongo, mviringo mzima, na hapakuwa na jicho hata moja.

Nyegere akaona anasita. Akaweka mkono wake mzito juu ya bawa la Kanga.

"Ukipanda na neno," akasema, "hutapanda na bawa."

Kanga alifanya lile ambalo kila kanga hulijua tangu siku ya kutoka yaini. Alichakura. Akachakura kwa mguu wa kulia, akachakura kwa mguu wa kushoto, akachakura kwa yote miwili. Mchanga ukaruka nyuma yake na juu yake, mchanga mweupe wa ukuta wa kisima na tope la chini, ukapanda hewani, ukaanguka juu ya migongo ya wenye kwato. Nyegere akambana bawa, mfupa ukalia, Kanga akachakura. Pofu akamwinulia kwato, Kanga akachakura. Mchanga ukavuka migongo, ukawapiga usoni wenye kucha waliokuwa wakiimba midomo wazi.

Wimbo ukakatika. Wenye kwato wakasema wamerushiwa na wenye kucha. Wenye kucha wakasema wamerushiwa na wenye kwato. Ngiri, ambaye tope lilimwingia sikioni, akageuka kumtukana aliyelirusha.

Akageuka, na asitukane.

Punda Milia akaona Ngiri kanyamaza, akageuka. Swala akageuka. Nguchiro akapenya katikati yao, akachungulia. Wote wakasimama ukingoni, wa kwato na wa kucha bega kwa bega, wakitazama chini. Wakamwona Pofu na tumbo lake. Wakamwona Nyegere na ndevu zilizolowa. Wakamwona Kanga amebanwa bawa.

"Mzee Pofu," Ngiri akauliza polepole, "maji yako wapi?"

Kwa mara ya kwanza siku ile hapakuwa na aliyemjibia. Na Pofu mwenyewe hakuweza kujibu, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Akajaribu kuyameza upesi yasionekane, yakakwama kooni, ngozi ikavutika, ikaning'inia. Inaning'inia mpaka leo. Nyegere alijifunika kichwa kwa mikono akapanda mteremko mbio, na mchanga mweupe umemganda mgongoni kuanzia utosini hadi mkiani. Ameoga mito mingi tangu siku hiyo; hautoki.

Mtafikiri wanyama walipatana papo hapo. La. Kabla vumbi halijatua, mmoja wa kwato alisema Nyegere ndiye aliyeanza. Mmoja wa kucha akasema mwenye tumbo kubwa ndiye mwizi mkubwa. Na Pofu alipoondoka wapo waliomfuata, na Nyegere alipoondoka wapo waliomfuata, wakiimba vilevile, na koo zao zimekauka.

Waliobaki walimpandisha Kanga. Akaamuru maji yale ya kujaa chungu kimoja wapewe wadogo, wa kwato na wa kucha, kwa kuchovya, tone kwa tone. Akaenda mwenyewe chini ya msuaki akiburuta bawa, na tone mdomoni.

Wawili walikunywa. Kifungamimba hakunywa.

Akamfunika kwa bawa lililo zima. Kisha wanyama wakaja, wakaanza kuimba. Waliimba, "Kanga ni wetu, wetu ni Kanga." Nguchiro ndiye aliyeongoza wimbo, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kanga akasimama.

"Nyamazeni," akasema. "Ndivyo mlivyowaimbia wale. Mkitaka nishike kisima, niulizeni."

Akashuka tena kisimani na bawa lake lililovunjika. Wakazunguka ukingo, safari hii nyuso ndani, wakamtazama. Maji yalianza kurudi, yakamfika kwenye kucha, yakamfika kwenye vifundo, na yeye hakuwa ameonja tone lolote tangu jana yake. Ngiri akauliza. Punda Milia akauliza. Kila mmoja akauliza, wengine kwa haya, wengine kwa ukali, na yeye akawajibu mmoja mmoja kwa kinywa chake.

Wa mwisho alikuwa Nguchiro.

"Shoga yangu," akasema, "wanao wawili waliobaki, kesho watakunywa wa ngapi?"

Wengine wakaona aibu kwa swali hilo kuulizwa siku ile. Kanga hakuona aibu.

"Kwa zamu yao," akasema. "Na uje uangalie."

Ndipo akainama akanywa.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye bega aibebe. Mafunzo yake ni haya: kiongozi asiyeulizwa na wake ataulizwa na kiu ya wote, na anayemjibia kiongozi wake amemsaidia kunywa. Na kama yuko aliyesinzia hapa motoni, asiniulize asubuhi kama mimi ni wa kwato au wa kucha. Mimi ni mzee wa magoti mabovu, nami nakwenda kulala.