Nani Alimfanya Subilaga Aandike Jina?

Wekeni chini mlivyoshika, maana mwisho wa hadithi hii kuna hukumu, na hukumu hiyo nawaachia nyinyi. Mimi imeshanishinda.

Palikuwa na vijana watatu Mbeya mjini, wamepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Lusajo alikuwa na jicho. Ukimwonyesha ukurasa wowote wa mtandao anakwambia hapa pamesongamana, hapa rangi zinagombana, hiki kitufe kimekaa mahali ambapo kidole hakifiki. Tusekile alikuwa na maneno. Barua ya kurasa tatu aliipunguza mpaka mistari sita, na hakuna kilichopotea. Ipyana hakuwa na jicho wala maneno. Yeye alikuwa na uso. Ni mtu asiyeona haya kusimama mbele za watu akasema, ni mimi, njooni mniulize. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba hiyo si fani, hiyo ni kukosa aibu.

Watatu hao walikuwa na tovuti ya kutafuta watu wa kuchangia damu. Hospitali ikipungukiwa damu ya kundi fulani, ndugu wa mgonjwa wanawaletea habari, wao wanaweka tangazo, na mwenye damu hiyo anaandika jina lake na saa atakayofika.

Alhamisi moja ikaja habari ya Anyisile. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane na nusu, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa, penye njia ya mtoto. Daktari alimwambia mumewe, Gwakisa, kwamba operesheni ni Jumamosi jioni, haingoji zaidi ya hapo. Alimwambia pia kwamba zinatakiwa chupa mbili za damu ya kundi O hasi ziwe tayari kwenye jokofu, kwa sababu kumpasua bila hizo ni kubahatisha roho mbili. Ndugu wote wakapimwa. Ikapatikana chupa moja, ya mjomba.

Tangazo likawekwa siku hiyo hiyo. Watu kumi na mmoja walilifungua, na wote wakaondoka kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Lusajo akaushika. Akaondoa picha zinazorukaruka, rangi saba akabakiza mbili, akaufanya mwepesi mpaka ukafunguka hata kwenye simu ya kizamani. Ijumaa asubuhi watu wakaanza kukaa, lakini walisoma mistari miwili wakaondoka. Tusekile akafuta maneno yote, akaandika upya. Ijumaa mchana watu wakasoma mpaka chini, wakafika kwenye kisanduku cha kuandika jina, wakaondoka. Ndipo Jumamosi, kulipopambazuka, Ipyana akaenda hospitali, akasimama nje ya mlango wa benki ya damu, akapigwa picha. Akaibandika juu ya ukurasa pamoja na namba yake ya simu.

Lusajo nusura alie. Pale juu alikuwa ameweka picha safi ya madaktari wanaotabasamu, ameitoa huko huko mtandaoni. Sasa amesimama jamaa aliyekunja uso kwa jua, na nyuma yake ukuta uliobanduka rangi.

"Umeniharibia ukurasa," alisema.

"Sawa, nimeuharibu," Ipyana akajibu. "Lakini picha iache hapo."

Saa tatu na nusu asubuhi hiyo, kule Tukuyu, tangazo likaingia kwenye simu ya Subilaga.

Subilaga ni fundi cherehani. Damu yake aliijua, kwa sababu alipomzaa Bahati katika hospitali ile ile, nesi alimwandikia kwa wino mwekundu kwenye kadi: O hasi. Kwa hiyo aliposoma ujumbe kwenye kundi la kwaya, alijua anayeitwa ni yeye. Alijua pia kwamba hataenda.

Sikilizeni kilichompata. Mwaka uliotangulia aliingia kwenye tovuti moja ya kazi za ushonaji nje ya nchi. Ilikuwa inapendeza, ina bendera, ina mihuri, ina watu waliovaa suti. Akaandika jina lake, namba yake, na majina na namba za ndugu zake wa karibu. Wiki haikuisha, watu asiowajua wakaanza kuwapigia ndugu zake: Subilaga amepata ajali, hajitambui, tumeni chochote upesi. Mama yake mzazi aliipokea simu hiyo akiwa jikoni, akaanguka. Hakufa, lakini upande wa kushoto ulilegea, na tangu siku ile anatembea kwa fimbo ndani ya nyumba ya Subilaga. Kila fimbo hiyo ilipogonga sakafu, Subilaga aliumia. Aliapa kwamba jina lake halitaandikwa tena kwenye kitu kinachofunguliwa kwa kidole.

Sasa akaubonyeza ujumbe ule, huku kidole gumba kikiwa tayari juu ya alama ya kufunga. Mvua ilikuwa inanyesha, na mtandao wa Tukuyu siku ya mvua mnaujua wenyewe. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Alijiambia kwamba ukichelewa tu, anafunga, anarudi kwenye cherehani. Ukurasa ukafunguka kabla kidole hakijashuka. Hakuna kilichowaka, hakuna kilichorukaruka, hakuna dirisha lililomjia usoni kumwambia ameshinda. Maandishi meusi juu ya nyeupe, yanasomeka hata juu ya ule ufa, na kitufe kimoja chekundu. Utulivu wa ukurasa ule ulimshangaza. Kidole kikabaki hewani.

Hapo alifanya jambo la mafundi. Subilaga akiletewa nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, haangalii maua ya kifuani. Anaigeuza ndani nje, anatazama mishono, anatazama upindo, kwa sababu fundi mwongo hujificha huko. Basi hakutazama juu. Alishuka moja kwa moja hadi mwisho wa ukurasa na kuanza kusoma kutoka chini.

Maneno ya mwisho yalisema hivi: "Ukifika hapa ukabadili mawazo, rudi nyumbani. Hakuna atakayekuuliza." Akapanda. "Hatuuzi damu. Hatutaki namba ya kitambulisho wala majina ya ndugu zako." Akapanda tena. "Tangazo hili limehakikiwa tena leo saa moja asubuhi. Chupa moja imepatikana, bado moja. Hatujui kama itapatikana." Alirudia hayo ya mwisho mara mbili. Wale wa mwaka uliopita walijua kila kitu, walikuwa na hakika na kila kitu. Hawa wanasema hawajui. Alitafuta neno lililoandikwa kwa pupa, hakuliona.

Akapanda mpaka juu, na ndipo akamwona Ipyana na uso wake uliokunjamana. Hakumtazama yeye sana. Alitazama nyuma yake, akaona ncha ya benchi la mbao. Benchi hilo alilikalia akiwa na mimba ya Bahati, na lilitaka kumwangusha. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatika, lakini pichani upande huo umezibwa na miguu ya Ipyana. Akaipiga ile namba. Ikapokewa mlio wa pili.

"Ipyana hapa, karibu."

"Wewe ndiye wa kwenye picha?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Mimi sikujui. Niambie, hilo benchi lililo nyuma yako, mguu wake wa nne uko wapi?"

Subilaga akasikia hatua, kisha mbao ikilalamika.

"Haupo, mama. Wamewekea tofali. Shikamoo, samahani, nilisahau hata kukuamkia."

"Marahaba. Sijasema nakuja."

"Sawa, mama. Mimi nipo hapa hapa. Maabara wanasema ikipita saa nane mchana, hawatawahi kuipima damu."

Hakumbembeleza. Subilaga akakata simu na kutazama saa ukutani: saa nne na dakika tano. Kutoka kwake hadi hospitali ile, mvua ikiwapo, ni mwendo wa saa tatu na ushei. Akabonyeza kitufe chekundu, kisanduku kikatokea, na ndipo fimbo ikagonga mlangoni.

"Unaandika nini?" mama yake akauliza.

"Jina langu, mama."

Mama aliitazama simu ile kama anatazama nyoka aliyemng'ata.

"Hao unawajua?"

"Siwajui."

"Basi kwa nini?"

Subilaga alimtazama mama yake, mkono wa kushoto ukining'inia, akaona kwamba akikosea safari hii hatajisamehe. Akamwona pia yule mwanamke asiyemjua, amelala na tumbo lake, anangoja. Machozi yakamtoka.

"Mtu akikupigia akasema nimeumia, usiamini mpaka unione kwa macho yako," alisema.

Mama hakumwambia aende wala asiende. Aliketi juu ya kitanda, akashika fimbo kwa mikono miwili. Subilaga akaandika jina lake. Alikosea herufi mara mbili, akafuta, akaandika tena.

Alifika saa saba na dakika hamsini. Damu ilitolewa, ikapimwa, ikaingia kwenye jokofu jioni Anyisile alipokuwa anasukumwa kuingia chumba cha upasuaji. Chupa ya mjomba iliisha yote. Ikatundikwa ya pili. Kabla haijafika nusu, mtoto wa kike akalia, na mama yake akafungua macho.

Jumanne waliruhusiwa kurudi nyumbani. Subilaga alikuja na gauni dogo aliloshona mwenyewe, na wale watatu nao walikuwapo, akawasimulia wote yaliyompata tangu tovuti ya matapeli hadi kidole kilichokuwa tayari kufunga. Gwakisa akasimama katikati ya wodi.

"Kwetu, mtoto aliyeponea hupewa jina la aliyemponya," alisema. "Jina ni moja, halichanganywi. Na mwenye jina anakuwa somo yake: hafanyiwi jambo lolote mtoto huyu, liwe la raha au la msiba, bila yeye kuitwa. Ataitwa Subilaga."

"Hapana, baba," Subilaga akasema. "Damu nilizaliwa nayo, sikuihangaikia. Ningekaa nayo Tukuyu, mtoto akafa, nami jioni ningekula ugali wangu. Kuna mtu alinitoa kule. Jina ni lake."

"Nani?"

Wote wakawatazama wale watatu. Walikuwa wamekuja wakicheka, lakini kicheko kilikatika hapo, kwa sababu kila mmoja alilitaka jina lile na kila mmoja aliona aibu kulitaka.

"Dada alikuwa anafunga," Lusajo akaanza. "Amesema mwenyewe, kidole kilikuwa juu. Kama ukurasa usingefunguka, hayo mengine angeyaona wapi?"

"Ulifunguka tangu Ijumaa asubuhi," Tusekile akasema, "na watu wakaondoka. Hata wale matapeli walikuwa na ukurasa mzuri, tena wenye mihuri. Alichosoma ndicho kilichomtofautishia."

"Na maneno yako yalikuwapo Ijumaa mchana," Ipyana akasema taratibu. "Hakuna aliyeandika jina. Jina limeandikwa nilipoweka uso."

"Uso wako angeupigia simu kama asingesoma?" Tusekile alimgeukia, sauti imepanda.

"Na angesoma nini kwenye kitu kisichofunguka?" Lusajo akasema.

"Msigombane juu ya mwanangu," Anyisile alisema kutoka kitandani, na wakainamisha vichwa.

Gwakisa akamchukua mtoto, akamweka mapajani mwa Subilaga.

"Wao hawawezi kujua," alisema. "Aliyeamini ni wewe. Wewe ndiye unayejua ulimwamini nani. Tutajie."

Nesi alikuwa amesimama na kadi ya kliniki, ameshaandika tarehe na uzito, amebakiza mstari wa jina. Majina yote matatu yangemfaa mtoto wa kike. Subilaga akamtazama mtoto, akawatazama wale watatu, na sauti ya mama yake ikamrudia: hao unawajua? Siwajui. Basi kwa nini? Jumamosi hakuwa na jibu, na Jumanne alilitafuta tena kichwani, kutoka chini kwenda juu na kutoka juu kwenda chini. Aliona tu kwamba ukiondoa kimoja kati ya vile vitatu, yeye yuko Tukuyu, na kitanda kile ni kitupu.

Mimi naishia hapo. Mtoto yuko mapajani, kalamu iko mkononi mwa nesi, na nyinyi mmekaa mnanitazama kana kwamba nimewaficha. Sijawaficha. Semeni nyinyi: kwenye mstari ule liandikwe jina la nani? Na wewe uliyekwisha kunyoosha mkono, kabla hujalitaja, niambie kwanza: mara ya mwisho ulipoandika jina lako mbele ya watu usiowajua, ni nini kilichokufanya uandike?