Kakakuona na Mlolongo Mfupi

Paukwa!

Pakawa!

Wewe unayenong'ona kule nyuma, ukimaliza utuambie sote. Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, kakakuona akiwa bado hajui kujikunja, palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu. Chini yake bwawa. Maji ya bwawa yaligawanywa na Baraza, na mteremko ulikuwa na kiti kimoja katika Baraza hilo. Alikikalia Muhanga, mchimba mashimo, hata akazeeka, hata akafa. Kiti kikabaki wazi.

Vyama viwili vikakitaka. Chama cha Makucha, ndio wale wanaolala mashimoni, kikamsimamisha Bi Nungunungu. Chama cha Kwato kikamsimamisha Nyati. Nyati hakuficha lake.

"Nikipata kiti," alisema, "njia ya kwenda majini itanyooka. Itapita hapa hapa, juu ya mteremko. Mwenye shimo ahame."

Kakakuona alikuwa na shimo pale pale. Ndani mlikuwa na mkewe na mtoto wao mmoja tu, magamba bado laini. Alimpenda mtoto yule, alimpenda, jamani! Basi aliposikia maneno ya Nyati, hata chakula hakikupita.

Makucha wakakutana kupima mambo.

"Sisi ni wengi," alisema Panya Buku.

"Wengi, ndiyo," akajibu Nguchiro. "Lakini kura ni mlolongo, kila mtu nyuma ya amtakaye, na mlolongo ni mchana. Mchana nyinyi mmelala fofofo."

"Tutaamka! Na Nyati hapendwi hata na swala."

"Hapendwi, anaogopwa. Swala watapanga mstari."

"Na Ngiri je? Ana kwato, lakini analala shimoni kama sisi."

Ngiri na jamaa zake ndio waliowanyima raha. Walikuwa wameulizwa, na Ngiri akajibu bila haya, "Sisi tutasimama penye mlolongo mrefu. Hatutaki ugomvi na mshindi."

Sasa, desturi ya pale ilikuwa hii: neno likiwa zito, anaulizwa Kakakuona. Anawekewa vitu chini, naye anatembea. Akiendea maji, mvua itanyesha. Akiendea jivu, msitu utaungua. Basi wakaweka bonge la udongo, hilo ni Makucha. Wakaweka tita la nyasi, hizo ni Kwato. Wakaimba:

*Sema, Kakakuona, sema!*
*Unyayo wako ndio mdomo wako!*

Kakakuona akasimama katikati. Alitaka udongo. Moyo wake wote ulikuwa kwenye udongo. Lakini tumbo lilikuwa tupu, na ndani ya zile nyasi, pua ikamwambia, mna mchwa. Chakacha, chakacha, chakacha. Akaenda kwenye nyasi.

"Mama wee!" alilia Panya Buku. "Tumeshindwa!"

Bi Nungunungu akamsogelea, akamuuliza kwa upole, "Bwana, umeona nini?"

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ulimi wake mnaujua ulivyo mrefu. Aseme ni njaa tu? Mwonaji mzima, wote wameinamisha vichwa mbele yake, aseme alifuata mchwa? Aliona haya. Akaumeza ukweli pamoja na mchwa.

"Nimetembea," alisema. "Mmeona wenyewe."

Wakatawanyika, kila mtu shimoni kwake.

Siku ya kura ikafika. Jua kali. Kwatu, kwatu, kwatu! Wenye kwato wakaja, wakapanga mstari nyuma ya Nyati. Kakakuona naye akatoka, akaenda kusimama nyuma ya Bi Nungunungu. Mbele yake alikuwa Nguchiro na wengine wachache. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Wenzetu wako wapi?" aliuliza.

"Wamelala," alisema Nguchiro. "Waamkie nini? Si ulishatuambia tumeshindwa?"

Ngiri akatazama mlolongo huu, akatazama ule. Kama asemavyo mwenye akili ya karibu, penye wengi ndipo penye heri. Akaenda kwa Nyati, na jamaa zake wote wakamfuata. Mlolongo wa Kwato ulikuwa umeupita ule wa Makucha kwa kidogo tu; Ngiri na jamaa zake wakaurefusha zaidi. Wale waliolala wangetosha. Wangetosha na kubaki.

Nyati akakaa kitini. Hakungoja hata watu wahame. Dum! Dum! Dum! Njia ikanyooka, na ardhi ikatitia. Shimo la Ngiri pia, msidhani alisalimika.

Kakakuona akakimbia nyumbani. Mkewe alikuwa nje, anapekua udongo na kulia. Wakachimba pamoja. Wakachimba, wakachimba. Wakamtoa mtoto. Alikuwa bado na joto, lakini pumzi hakuwa nayo.

Kakakuona akamweka tumboni. Akamzungushia kichwa, akamzungushia mkia, akafunga magamba yake yote.

Jioni wenzake wakaja, hawana mashimo, hawajui pa kwenda. Wakaweka maji hapa, udongo pale. Wakaimba:

*Sema, Kakakuona, sema!*
*Unyayo wako ndio mdomo wako!*

Hakufunguka. Tangu siku hiyo, ukimgusa tu, hujikunja. Wako binadamu ambao hata leo humwekea unga na maji wapate kujua mwaka utakuwaje. Hawajaisikia hadithi hii.

Haya, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama wamekuinamia. Na wewe uliyeambiwa utashindwa, toka shimoni ukasimame mstarini, kwa maana aliyebaki amelala ndiye aliyemchimbia mwenzake kaburi.

Hadithi yangu imefika hapo, imelala. Mkiondoka, piteni pembeni, msiikanyage.