Utepe Mweupe wa Sajini Nyamai

Wapo watu wanaoichukia methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Huona ilitungwa na mwoga fulani ili apate pa kujifichia. Wayua, mkewe Sajini Nyamai wa Laini Saba, mtaani Kibera, Nairobi, alikuwa mmoja wao. Aliolewa na mwanajeshi akitarajia simba, na kwa maoni yake alipewa sungura aliyevaa magwanda.

Nyamai alitumikia kikosi cha wahandisi wa jeshi tangu ujana wake hadi mvi zilipoanza kumtoka. Alijenga madaraja, akachimba visima, na huko kaskazini akategua mabomu ya ardhini. Njia iliyokwisha kukaguliwa waliitandikia utepe mweupe, na aliyeuvuka utepe hakuwa na wa kumlaumu. Rafiki yake Muia, shujaa wa kikosi kizima, aliuvuka huku akicheka ili afupishe njia. Nyamai ndiye aliyeiokota kofia yake. Tangu siku hiyo hofu ilipiga kambi moyoni mwake, naye hakuona haya kukaa nayo.

Alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini, walipanga chumba Laini Saba. Jambo la kwanza alilolifanya ni kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa mlango mdogo wa bati kwenye ukuta wa nyuma, upande wa reli. Kisha akapigilia utepe mweupe ukutani, chini kimo cha goti, kutoka kitandani hadi kwenye mlango huo. Kila Jumamosi baada ya chai alipuliza filimbi. Wayua na watoto wao, Kaveke na mdogo wake Musau, walifungwa macho kwa leso, wakatambaa hadi nje mkono mmoja ukiwa kwenye utepe.

"Ukitoka, umetoka," aliwaambia kila mara. "Harudi mtu, hata kama ni dhahabu imebaki ndani."

Majirani hawakuhitaji sinema. Kavetsa, mshona nguo waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alijishika mbavu kwa kicheko.

"Mama Kaveke, leo adui ametokea wapi? Kwa sufuria?"

Mumewe Khamala, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kijana wa miraba minne asiyeogopa mwizi wala polisi. Yeye ndiye aliyembatiza mzee jina la Afande Utepe. "Mzee, kwani huko jeshi ulikuwa unapikia wenzako?" alimtania. Nyamai alicheka pamoja nao. Wayua hakucheka, maana aibu ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Baba Kaveke, huoni tunachekwa?" alimwuliza siku moja.

"Naona. Wacha wacheke. Nyumba inayochekwa ina watu ndani."

Jumapili moja ya Januari, upepo mkavu ukivuma, Nyamai alikwenda Kawangware kumjulia hali rafiki yake mgonjwa. Wayua alikuwa akichambua maharagwe, watoto wakicheza sakafuni. Ghafla akasikia mshindo. Stovu ya mpangaji wa chumba cha mwisho ilikuwa imelipuka. Kabla hajainuka, mtu alipiga mayowe nje, "Moto! Moto jamani!" na moshi ukapenya chini ya mlango, mweusi na mzito. Wayua akafungua mlango wa mbele. Ushoroba wote ulikuwa ndimi za moto! Akaufunga upesi, kiganja kikiwa kimeungua.

Mchana ulikuwa umegeuka usiku. Hakuona kitanda, hakuona watoto, hakuona hata vidole vyake mwenyewe. Mabati ya paa yalianza kulia kwa joto. Alijaribu kuwaita wanawe, moshi ukamziba koo. Tumekwisha, aliwaza.

Ndipo aliposikia sauti ya Kaveke kutoka chini, nyembamba, ikitetemeka.

"Mama, lala chini! Shika utepe! Musau niko naye!"

Wayua akajitupa sakafuni, akapapasa ukuta, akaukosa utepe. Akapapasa tena. Vidole vilipokigusa kile kitambaa alichokuwa akikionea haya, machozi yalimtoka. Alitambaa akifuata kikohozi cha Musau mbele yake, cheche zikimwangukia mgongoni, na kila alipovuta pumzi alidhani ndiyo ya mwisho. Hatimaye Kaveke akausukuma mlango wa bati, nao wote watatu wakaangukia nyasi za kando ya reli.

Watu walikuwa wamejaa relini. Khamala alikuwa amemtoa Kavetsa salama, akarudi, akatoka na godoro, watu wakamshangilia. "Khamala simba!" Akajimwagia ndoo ya maji.

"Bado cherehani ya bibi yangu," alisema.

Wakati huo Nyamai akafika mbio kutoka upande wa mtaa wa Olympic, akihema. Akamshika Wayua bega, akawagusa wanawe vichwa mmoja mmoja kama asiyeamini macho yake. Kisha akamkamata Khamala mkono.

"Kijana, ukitoka, umetoka. Nakusihi."

"Niwache, mzee! Hiyo cherehani ndiyo inatulisha. Uoga wako kaa nayo."

"Nitakaa nao. Kaa nami."

Khamala akajinasua, akaingia huku akipigiwa makofi. Makofi yalikuwa hayajaisha paa lilipoanguka. Nyamai aliukimbilia ule moto, akasimama, akageuka kuwatazama wanawe, kisha akaketi chini akalia kama mtoto. Wayua hakuwa amewahi kumwona akilia. Kilio cha Kavetsa kilisikika hadi mtaa wa pili, Nyayo Highrise.

Familia ilihamia Kawangware, na utepe mpya ukahamia nao. Wayua mwenyewe ndiye aliyeupigilia. Nyamai aliwalea wanawe, akamwona Kaveke akimaliza shule, na mwaka wa 1999 maradhi ya moyo yakamchukua akiwa kitandani mwake, mkono wake katika mkono wa mkewe.

Siku ya matanga Kavetsa alikuja kutoka Kibera, akaomba kusema neno. Wayua aliinamisha kichwa, akiogopa lile atakalolisema.

"Mimi nilimcheka huyu mzee kuliko nyinyi wote," Kavetsa alianza. "Kuna Jumamosi Musau alifungwa macho na mandazi iko mkononi. Akakataa kuiwacha. Akauma utepe na meno, akatambaa hivyo mpaka nje kama mbuzi! Na Afande akampigia saluti!"

Kicheko kililipuka. Musau akaficha uso, Kaveke akajishika mbavu, na Wayua, mjane wa siku mbili, akacheka mpaka machozi yakamlowesha leso.

Kavetsa alicheka nao, kisha akajipangusa macho.

"Matanga ya Khamala," alisema polepole, "hakuna mtu alicheka."

Wayua akainuka, akamkumbatia. Waliomzunguka walikuwa wanawe, wazima wote wawili, na methali aliyoichukia miaka yote ikamtoka kinywani bila kulazimishwa: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.