Mbiu ya Mzee Kibwana

Ijumaa tarehe tatu Mei, saa nne asubuhi, Bwana Shamte, mkopeshaji wa riba, alisimama mlangoni petu.

"Mpiga mbiu, kaisifu mikopo yangu sokoni, la sivyo nabeba cherehani ya mkeo."

"Nitaisifu, tajiri," alijibu mume wangu, Mzee Kibwana. "Lakini watu hupenda kuona mali. Vyote vilivyo stoo kwako vipange sokoni."

Shamte akavipanga kwa furaha.

Mume wangu akapaza sauti: "Jamani, Bwana Shamte hamsahau mdeni! Kitanda hiki cha Mama Zuhura, baiskeli ile ya Fundi Mbwana. Njooni mkope!"

Hakukopa mtu.

"Ndiko kusifu huku?" Shamte alifoka.

"Nimekosea jina la nani, tajiri?"

Mbele ya watu wote Shamte hakupata kosa la kumshika nalo; cherehani ninayo hadi leo. Mola amrehemu Kibwana wangu, amlaze pema. Amina.