Hodi Chini ya Matao

Palikuwa na tajiri mmoja, jina lake Msellem, mwenye nyumba ndefu kupita zote katika mji mpya wa soko. Mji huo sultani aliupima kwa kamba, mitaa imenyooka, na kila mfanyabiashara akapewa kiwanja kwa sharti moja: ghorofa isimame juu ya matao, na chini ya matao watu wapite kivulini. Basi siku moja Msellem akaamka na lake. Apitaye chini ya matao yangu, akasema, yumo nyumbani mwangu. Abishe hodi, avue viatu, angoje karibu. Asiyetaka, barabara ile pale, na jua ni la bure.

Aliyeumia ni Vuai, hamali. Kutoka lango la mji hadi sokoni, gunia la mtama kichwani, kivuli kile ndicho kilichokuwa kikimfikisha mzima. Kungoja karibu na gunia kichwani hakuwezekani, akashika barabara; jua likamwangusha, akalala siku mbili bila kazi, wanawe wakanywa uji mtupu. Jambo hilo lilimuuma sana. Lakini ulimi, wenzangu, alikuwa nao.

Asubuhi akaja na mahamali wenzake tisa. Wakavua viatu.

"Hodi!"

"Karibuni," akasema Msellem, kidevu juu.

Wakaingia, wakatua mizigo, wakaketi, wakanyoosha miguu. Adhuhuri ikawakuta papo hapo. Wateja wakichungulia duka la Msellem wanaona miguu ishirini, wanakwenda duka la pili.

"Nyie! Mnangoja nini?"

"Chakula, bwana."

"Chakula gani?"

"Chochote. Tumebisha hodi, umetukaribisha. Nyumba kubwa hivi haikosi wali."

"Na mkishakula?"

"Mikeka. Tumetoka mbali."

"Mbali wapi? Kwenu si hapo nyuma ya kisima!"

"Kwa jua ulilotupa, bwana, ni mbali."

Watu wakajaa kutazama. Tajiri kumnyima mgeni chakula, mji mzima ukimkodolea macho! Jasho likamtiririka Msellem, akapiga kelele:

"Tokeni! Hapa si nyumba ya mtu! Hapa ni njia!"

Vuai akainuka taratibu. Akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Akajitwika gunia lake, akaenda mpaka mbele ya tajiri, wakatazamana uso kwa uso.

"Kumbe njia!" akasema. "Sasa, bwana, mbona umeiziba? Hebu tupishe."