Fimbo ya Tajiri Mbaruku

Tajiri Mbaruku alikuwa akiuza mashine mbili za kukereza, na mali yake ikitoka dukani hairudi. Sikitu, fundi wa fimbo za pool, alishatonywa kuwa moja inatetemeka kama mlevi ambaye hajazimua. Ipi, hakujua.

"Chukua hii kubwa, binti," Mbaruku alisema. "Inazunguka imetulia tuli, haki ya Mungu."

"Sawa, mzee wangu. Niijaribu kwa fimbo moja tu."

"Jaribu hata kumi!"

Sikitu akaangua ukutani fimbo iliyompa tajiri kombe la mtaa, ambayo hata mkewe haigusi, akaanza kuifunga kwenye ile mashine kubwa.

Mbaruku akamdaka mkono. "Wee! Fimbo yangu weka kwenye ile ndogo!"

"Ahsante, mzee. Basi nipakilie hiyo ndogo."