Bi Ngiri na Vijidudu wa Kidondani

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wadogo kwa wakubwa. Ya leo ni chungu.

Hapo zamani za kale, Bi Ngiri alikuwa na binti mmoja tu, Mashavu. Mwiba ukamchoma Mashavu gotini. Mwiba ukatoka, kidonda kikabaki. Kikavimba. Kikatoa usaha. Mtoto aliyekuwa akikimbia mkia juu, sasa anachechemea, che, che, che, mkia chini.

Bi Ngiri akaenda kwa Kakakuona, mganga wa nyika ile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

"Mashavu ana homa. Mwili unawaka moto."

Kakakuona akachemsha magome, akampa kibuyu. "Mpe kikombe kizima, asubuhi na jioni, mpaka kibuyu kiishe. Usipunguze hata kidogo. Humo kidondani mna wenyewe."

Kweli walikuwamo. Vijidudu, wadogo kuliko vumbi. Kila mmoja alikuwa na siri mwilini: namna ya kutengeneza pampu ya kutema sumu nje. Lakini pampu inakula sana. Mwenye pampu hushinda na njaa. Kwa hiyo siri ilifunikwa, na juu ya kifuniko alikaa Mlinzi. Kazi yake kukaa tu. Hakuna sumu, hakuna pampu.

Bi Ngiri akamimina kikombe. Mashavu akaonja.

"Mama, chungu! Chungu mno!"

Akalia, akalia. Mama akamwonea huruma. "Basi, mwanangu. Lamba kidogo tu."

Akalamba. Kesho yake akalamba tena.

Dawa ikashuka, to! Ingeshuka nyingi, vijidudu wote wangekufa kabla hawajajua kuna nini. Ikashuka tone. Tone likamshika Mlinzi, likamvuta, likamwondoa pale juu. Siri ikafunuka.

"Jamani, sumu!"

"Nyingi?"

"Kidogo. Nafasi tunayo."

"Basi tengenezeni!"

Wakatengeneza. Fyu! Fyu! Fyu! Dawa ikatemwa nje. Waliokuwa na Mlinzi mzito wa kuinuka wakafa. Wenye Mlinzi mwepesi wakabaki, wakazaa watoto wenye Mlinzi mwepesi kama wao.

Usaha ukapungua. Mashavu akacheka. Bi Ngiri akamwambia jirani yake, Bi Tohe, "Umeona? Yule mzee anapenda kutesa watoto. Kidogo kimetosha."

Homa ikarudi. Safari hii ilirudi na hasira. Bi Ngiri akambana mtoto taya, akamnywesha kikombe kizima. Akaongeza cha pili. Fyu! Fyu! Fyu! Pampu zilikuwa kazini tayari.

Akamwita Kakakuona. Mzee akanusa kidonda, akauliza, "Ulimpa kikombe kizima?"

Bi Ngiri akakisogeza kibuyu nyuma yake.

"Nakuuliza, mama."

"Alikuwa analia, babu."

Kakakuona hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alikaa naye mpaka Mashavu akakata roho.

Wakamzika. Lakini vijidudu wengine walikuwa wamebaki kwenye tope, pale Mashavu alipokuwa akioshwa goti. Topeni hamna dawa. Mlinzi akarudi kukaa, pampu zikaachwa, wakala, wakanenepa. Ungewaona, ungesema ni wanyonge.

Mtoto wa Bi Tohe akagaagaa kwenye tope lile, naye ana mchubuko. Mchubuko ukawa kidonda. Bi Tohe alishajifunza. Alimpa mwanawe kikombe kizima, asubuhi na jioni, mtoto alie asilie. Walinzi wakainuka mara moja, wepesi kama walivyozaliwa. Fyu! Fyu! Fyu!

Siku ya maziko ya mwanawe, Bi Tohe alimgeukia Bi Ngiri mbele ya watu.

"Mimi sikupunguza," akasema. "Sikupunguza hata tone. Wangu kafa kwa nini?"

Bi Ngiri alikuwa anajua: tope lile lilikuwa la kidonda cha Mashavu, aliyelambishwa tu. Akainamisha kichwa.

Wasikilizaji wangu, dawa ukipewa, imalize kama ulivyoambiwa. Dawa ya kuonjaonja haimuui adui, inamwamsha. Na akishaamka, haishii nyumbani kwako.

Hadithi yangu nimeiacha hapo, na uchungu wake.